Mwelekeo wa Tafiti Zilizochapishwa kuhusu Matumizi ya Vilevi Wakati wa Janga la UVIKO-19: Namna ya Kuusoma kwa Mtafiti wa Nangwa, Hanang

Ikisiri

Makala haya yanafafanua mwelekeo wa machapisho ya kitaaluma kuhusu matumizi ya pombe, tumbaku na dawa za kulevya tangu kuzuka kwa janga la UVIKO-19. Aidha, yanaeleza jinsi mtafiti anayeandika kuhusu kata ya Nangwa, wilayani Hanang, anavyoweza kuutumia mwelekeo huo bila kupotoshwa nao. Hoja kuu ni kwamba wingi wa machapisho hupima kwanza kasi ya uandishi, zana zilizokuwa karibu na lugha zinazoorodheshwa. Unywaji wenyewe huja nyuma sana. Mifano inatolewa kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Afrika Kusini, pamoja na ethnografia ya Wairaqw kuhusu pombe ya mtama.

Maneno muhimu: vilevi, UVIKO-19, bibliometriki, pombe ya kienyeji, Hanang

1.0 Utangulizi

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza UVIKO-19 kuwa janga la dunia tarehe 11 Machi, 2020. Siku tano baadaye Tanzania ilithibitisha mgonjwa wake wa kwanza, mkoani Arusha. Tarehe 17 Machi serikali iliagiza shule zifungwe, na vyuo vikafuata siku moja baadaye. Agizo hilo liliihusu Shule ya Sekondari Nangwa kama lilivyozihusu shule zote nchini. Kidato cha sita walirejea darasani tarehe 1 Juni, na wengine tarehe 29 Juni. Kwa zaidi ya miezi mitatu, basi, vijana wa Hanang walikuwa nyumbani, mashambani na minadani.

Mtafiti anayeuliza kama vijana hao walikunywa zaidi katika miezi hiyo ana swali halali. Tatizo huanza katika sura ya pili ya tasnifu, anapopitia maandiko. Anaandika maneno machache katika hifadhidata, anapata makala kwa mamia, anaona mstari wa machapisho ukipanda tangu 2020, kisha anahitimisha kwamba janga liliongeza matumizi ya vilevi. Sentensi hiyo haikai ndani ya tasnifu tu. Huchukuliwa katika maandiko ya miradi, huingia katika mipango ya halmashauri, na mwishowe huamua kama fedha kidogo zilizopo zitakwenda katika elimu ya vijana, katika huduma za majeruhi au katika msako wa gongo. Ndiyo maana namna ya kusoma mwelekeo wa machapisho si suala la mbinu peke yake.

Neno “vilevi” linatumika hapa kwa maana pana: pombe za viwandani na za kienyeji, tumbaku na ugoro, bangi, mirungi, heroini na dawa za hospitali zinazotumiwa isivyopasa. Neno “mwelekeo” linahusu machapisho, isipokuwa pale panapoelezwa vinginevyo.

2.0 Mkondo wa machapisho

Wimbi la kwanza halikuwa la data. Kati ya Machi na Juni 2020 majarida yalijaa maoni, tahariri na maonyo. Nora Volkow aliandika katika Annals of Internal Medicine kuhusu kugongana kwa magonjwa mawili ya mlipuko, UVIKO-19 na uraibu. Finlay na Gilmore wakaandika katika BMJ kuhusu hatari ya pombe wakati wa kufungiwa ndani. Waandishi hawa walitabiri kwa busara, wakitumia yale waliyoyajua kabla ya janga. Hata hivyo, utabiri si matokeo, na katika hesabu ya kibibliometriki tahariri ya kurasa mbili huhesabiwa kuwa chapisho moja sawasawa na utafiti wa miaka mitano.

Wimbi la pili lilikuwa la madodoso yaliyojazwa mtandaoni au kwa simu. Hapa ndipo machapisho yalipoongezeka kwa haraka, kwa sababu rahisi: mtafiti aliyezuiwa kwenda uwandani aliweza kutuma kiungo cha dodoso akiwa nyumbani kwake. Pollard na wenzake (2020) waliwafuatilia watu wazima 1,540 nchini Marekani na kuona kwamba idadi ya siku za kunywa iliongezeka kwa asilimia 14 ikilinganishwa na mwaka uliotangulia. Utafiti wa Kilian na wenzake (2021) katika nchi 21 za Ulaya ulielekea upande mwingine: kwa wastani unywaji ulipungua karibu kila nchi, ila Uingereza ulipanda, na Ireland haukuonyesha badiliko. Kazi zote mbili ni za kuheshimika. Anayenukuu ya kwanza na kuiacha ya pili amechagua jibu kabla ya kuuliza swali.

Wimbi la tatu lilitokana na kumbukumbu zilizokusanywa kwa madhumuni mengine, yaani majalada ya hospitali, vyeti vya vifo na rekodi za mauzo. Wang na wenzake (2020) walichambua rekodi za kielektroniki za wagonjwa zaidi ya milioni 73 nchini Marekani na kuonyesha kwamba wenye uraibu walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata UVIKO-19 na kuzidiwa nao. White na wenzake (2022) walieleza kwamba vifo vinavyohusiana na pombe nchini humo vilitoka 78,927 mwaka 2019 hadi 99,017 mwaka 2020. Vifo vilivyotokana na kuzidisha dawa vilipita 100,000 katika miezi 12 iliyoishia Aprili 2021. Takwimu za aina hii zina uzito kuliko madodoso, lakini zinawezekana tu pale ambapo kila kifo huandikwa pamoja na sababu yake.

Kisha likaja wimbi la mapitio: mapitio ya kimfumo, uchambuzi wa pamoja wa matokeo ya tafiti nyingi, na tafiti za kibibliometriki zinazohesabu makala zilizotangulia na kuchora ramani za maneno na manukuu, aghalabu kwa programu ya VOSviewer iliyoundwa na van Eck na Waltman wa Leiden. Ramani hizo hupendeza macho. Mtahini anapaswa kuuliza ni hifadhidata ipi iliyolishwa ndani yake.

Tumbaku ilikuwa na mkondo wake wa pekee. Mnamo Aprili 2020 watafiti wa Paris, akiwamo Jean-Pierre Changeux, walisambaza rasimu iliyodokeza kwamba nikotini huenda ikazuia maambukizi. Majibu, mapingamizi na uchunguzi mpya vilifuata kwa wingi, na WHO ikalazimika kutoa tamko mwezi Mei kwamba wavutaji wako katika hatari zaidi ya kuugua sana. Sehemu ya wingi wa machapisho kuhusu tumbaku mwaka ule ni ubishi juu ya dhana moja. Anayehesabu bila kusoma ataona “hamu ya utafiti” pale ambapo palikuwa na mabishano.

3.0 Kinachohesabiwa

Bibliometriki, jina lililopendekezwa na Alan Pritchard mwaka 1969, ni hesabu ya maandishi. Haihesabu walevi. Jambo hili linaonekana dhahiri mno kiasi cha kutohitaji kusemwa, lakini husahaulika mara grafu inapochorwa.

Kosa la kwanza ni kutumia idadi tupu. Tuchukue mfano wa kubuni: katika robo ya kwanza hifadhidata ina makala 1,000 kuhusu janga, 40 kati yake zikihusu vilevi, katika robo inayofuata ina makala 10,000, na 300 zinahusu vilevi. Idadi imepanda zaidi ya mara saba, ilhali sehemu ya vilevi imeshuka kutoka asilimia 4 hadi asilimia 3. Mtafiti atasema hamu imeongezeka au imepungua kwa kutegemea safu aliyoisoma. Pamoja na uwiano huo, unahitajika uwiano wa pili: kati ya makala zote kuhusu vilevi za mwaka ule, ngapi zilihusu janga? Uwiano huu wa pili ndio unaoonyesha kama janga lilisukuma kando mada nyingine, kwa mfano kilimo cha bangi au uchomaji wa sindano, ambazo hazikukoma kwa kuwa kirusi kimeingia.

Kosa jingine ni la tarehe. Makala ya mwaka 2022 mara nyingi hubeba data za katikati ya 2020. Grafu iliyopangwa kwa mwaka wa kuchapishwa huonyesha kilele ambacho si cha tukio, bali cha foleni ya wahariri. Katika jedwali la mapitio kuna haja ya safu mbili za tarehe, ya kukusanya data na ya kuchapisha, na ya kwanza ndiyo itumike katika uchambuzi. Vilevile, kazi moja inaweza kuonekana kama rasimu katika medRxiv, kisha kama makala ya jarida, pengine kwa kichwa kilichobadilishwa. Zisipounganishwa huwa mbili.

4.0 Jaribio la asili ambalo upande mmoja haukupimwa

Katika Afrika, janga lilitoa fursa ambayo watafiti wa vilevi hawaipati mara kwa mara. Serikali zilizopakana zilichukua hatua tofauti kabisa kuhusu pombe, katika wakati uleule na mbele ya tishio lilelile.

Afrika Kusini ilipiga marufuku uuzaji wa pombe kuanzia 27 Machi 2020 hadi 1 Juni, ikarudisha marufuku tarehe 12 Julai, na uuzaji wa tumbaku ukazuiwa hadi katikati ya Agosti. Kwa kuwa marufuku ilikuja, ikaondoka na kurudi, Moultrie na wenzake (2021) waliweza kulinganisha vifo visivyo vya maradhi katika vipindi hivyo na kuonyesha kwamba marufuku kamili iliambatana na upungufu wa vifo hivyo. Kenya iliweka kafyu ya usiku kuanzia 27 Machi, na mwishoni mwa Julai ikazuia kwa siku 30 uuzaji wa pombe katika mikahawa. Uganda ilifunga baa tangu Machi 2020 na kuzifungua Januari 2022. Huko, utafiti uliofanyika kati ya watu wanaoishi na VVU ulikuta wahusika wakiripoti kupungua kwa unywaji wakati wa kufungwa. Uganda ilikuwa na faida ya ziada: watafiti wa Mbarara walikuwa wamekwisha kuzoea kupima kemikali ya PEth, ambayo hubaki katika damu ya mnywaji kwa majuma kadhaa, na hivyo wangeweza kulinganisha maneno ya mhojiwa na mwili wake.

Tanzania Bara haikuamuru watu wakae ndani, wala haikupiga marufuku uuzaji wa pombe. Kwa lugha ya utafiti, hiki ndicho kipimo cha ulinganisho: nchi yenye janga lakini isiyo na marufuku. Kama unywaji ungepungua Uganda na Tanzania kwa kiwango kilekile, tungesema sababu ni ukosefu wa fedha au hofu ya ugonjwa, wala si kufungwa kwa baa. Kama ungepungua Uganda tu, tungeipa sheria sifa yake. Hata hivyo, takwimu za taifa za maambukizi zilikoma kutolewa Mei 2020, zikiwa zimefikia wagonjwa 509 na vifo 21, na hazikurejea hadi katikati ya 2021, baada ya Rais Samia Suluhu Hassan kuingia madarakani na kuunda kamati ya wataalamu. Mtafiti aliyetaka kuoanisha unywaji na kupanda au kushuka kwa maambukizi hakuwa na mhimili wa pili wa grafu yake.

Ramani ya utafiti wa vilevi nchini ilikuwa na mapengo hata kabla ya hapo. Tiba ya methadoni ilianza Muhimbili Februari 2011, na maandiko mengi yaliyofuata yanahusu watumiaji wa heroini wa Dar es Salaam na Zanzibar. Kuhusu pombe, Mitsunaga na Larsen (2008) walichunguza Moshi; Francis na wenzake (2015) waliwachunguza vijana wa Kilimanjaro na Mwanza; na hospitali ya KCMC imekuwa kituo cha utafiti kuhusu pombe na majeruhi, ukiwamo mpango wa ushauri mfupi uitwao Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, ina historia ndefu ya utafiti, lakini jina lake katika majarida limejengwa zaidi juu ya lishe ya watoto, uzazi salama na kifafa. Anayeandika kuhusu Nangwa yuko kati ya Moshi na Mwanza, na hana budi kueleza kwa nini matokeo ya mojawapo yamfae.

5.0 Neno, kipimo na chombo

Hifadhidata kubwa huorodhesha majarida ya Kiingereza kwa wingi. Tasnifu ya Kiswahili iliyo katika hazina ya chuo haimo humo, na makala ambayo ikisiri yake inataja “gongo” au “ugoro” bila neno pana la pombe au tumbaku hupita pembeni ya utafutaji wa kawaida. Mtafiti aorodheshe majina ya vilevi jinsi yanavyotamkwa mahali husika, ayatafute moja moja, na apitie pia hazina za vyuo na African Journals Online, iliyoanzishwa 1998. Aangalie vilevile kwamba jina moja halina hadhi moja. Mirungi ni dawa ya kulevya katika sheria ya Tanzania. Kenya ni zao halali la biashara, na tafiti zake nyingine zitapatikana chini ya kilimo na masoko.

Kipimo nacho kina historia. Dodoso la AUDIT la WHO, lililotolewa mwaka 1989, lina maswali 10 na alama zisizozidi 40, na alama 8 huchukuliwa kuwa mwanzo wa unywaji hatarishi. Swali lake la pili linauliza mhojiwa hunywa vinywaji vingapi katika siku ya kawaida ya kunywa. Kinywaji kimoja ni kipi? Penye chupa ya bia jibu lipo. Penye pombe ya mtama inayopitishwa katika kibuyu kimoja kati ya wazee watano, au gongo ambayo ukali wake hutegemea mpishi na siku, jibu ni makisio. Gongo, zaidi ya hayo, ni haramu tangu sheria ya mwaka 1966, na mhojiwa ana sababu njema ya kupunguza namba anapoulizwa na mgeni mwenye karatasi.

Suala hili ni zito zaidi Hanang na Mbulu kwa sababu pombe huko si bidhaa tu. Rekdal (1996), katika jarida la Africa, alichunguza uhusiano wa fedha na vitu viwili vyenye uzito wa pekee kwa Wairaqw, yaani maziwa na pombe ya mtama. Klima (1970) alieleza nafasi ya pombe ya asali katika mazishi makubwa ya Wabarabaig. Pombe ya namna hiyo hupikwa kwa ajili ya tukio, watu huitwa, na kunywa ni sehemu ya kuhudhuria. Mikusanyiko inapopunguzwa kwa hofu ya ugonjwa, pombe hii hupungua pamoja na tukio lake. Pombe ya kuuzwa kilabuni hufuata njia nyingine: hupanda au kushuka na mfuko wa mnunuzi, na kwa mama anayeipika ni ada ya shule na chumvi ya nyumbani. Dodoso linalouliza “pombe ya kienyeji” kwa jumla huzijumlisha mbili hizi, na linaweza kuonyesha kwamba hakuna kilichobadilika wakati moja imeshuka na nyingine imepanda.

Kuna pia jambo lililotangulia janga. Tarehe 1 Machi 2017 serikali ilipiga marufuku pombe za viroba, vile vifuko vya bei ndogo vilivyofikika kwa urahisi na kijana mwenye fedha kidogo. Anayechukua utafiti wa kabla ya hapo kuwa msingi wa kulinganisha na mwaka 2020 anapima athari za mambo mawili na kuzipa jina la moja.

6.0 Mnyororo wa manukuu

Huyohuyo Rekdal aliyeandika kuhusu pombe ya mtama aliandika baadaye, mwaka 2014, katika jarida la Social Studies of Science, kuhusu jinsi madai yasiyo na ushahidi yanavyosambaa katika taaluma kwa njia ya manukuu. Mfano wake ni simulizi kwamba sifa ya spinachi kuwa na madini mengi ya chuma ilitokana na nukta ya desimali iliyowekwa mahali pasipo pake. Simulizi hiyo ilirudiwa na wanasayansi ili kuonya juu ya uzembe, kumbe yenyewe haikuwa na chanzo cha kuaminika. Kila mmoja alimnukuu aliyemtangulia.

Tahariri za mwanzo wa 2020 zimo katika hatari hiyohiyo. Tahariri ilisema unywaji “huenda ukaongezeka”. Makala ya pili ikainukuu kuwa “unatarajiwa kuongezeka”. Ya tatu ikaandika “umeongezeka”. Neno “huenda” ndilo lililopotea njiani. Katika tasnifu, kila dai la ongezeko lipaswalo kutumika kwa Hanang lifuatwe hadi kwenye jedwali la data lilikoanzia, na mwandishi aonyeshe ni nchi gani, watu gani, na mwezi gani. Mtahini akikuta nukuu inayoishia kwenye tahariri, ana haki ya kuirudisha.

7.0 Kumbukumbu zinazoweza kusomwa sasa

Kukosa dodoso la mwaka 2020 hakufungi mlango. Vituo vya afya huandika wagonjwa wa nje katika vitabu vya MTUHA, na humo ajali za barabarani na majeraha huonekana kwa tarehe, umri na jinsi. Halmashauri hutoa leseni za vileo chini ya sheria ya mwaka 1968, na stakabadhi za malipo zina mwezi. Mahakama za mwanzo zina majalada ya kesi za gongo, ingawa haya hupima bidii ya polisi pamoja na wingi wa gongo, na hayawezi kusomwa peke yake. Wapishi wa pombe wenyewe hukumbuka ni msimu upi walikosa nafaka na ni msimu upi walikosa wateja. Mahojiano hayo yanahitaji kibali cha maadili na ahadi ya kweli ya kuficha majina, kwa kuwa baadhi ya wahojiwa watakuwa wanasimulia kosa la jinai.

Tahadhari moja inahusu kalenda. Shule zilifunguliwa Juni 2020, na Juni ndipo mavuno ya mahindi yanapokaribia au kuanza na nafaka ya kupikia pombe kupatikana tena. Badiliko lolote katika vitabu vya zahanati kati ya Machi na Agosti mwaka ule linaweza kuwa la janga, la shule au la ghala. Kwa hiyo miezi hiyo sita isomwe pamoja na miezi ileile ya 2018, 2019, 2021 na 2022, kijiji kwa kijiji, kabla ya kulinganishwa na chochote kilichoandikwa kuhusu Marekani au Ulaya.